Msumeno wa Mtani

Asubuhi za Igowole hazina haraka. Ukungu unashuka kutoka kwenye mashamba ya chai na kukaa juu ya mapaa ya bati, na jua linapata taabu kuupenya. Watu wanatoka na masweta mazito na mabuti ya mpira. Anayekuambia kwamba Tanzania ni nchi ya joto hajawahi kuoga maji ya Igowole mwezi wa tano.

Asubuhi hiyo ya Jumanne Sifaeli alikuwa jikoni akimenya viazi. Mumewe, Jailos Kihwele, alikuwa nje akinoa panga. Binti yao Vaileti alikuwa akichota maji kijitoni, huku akiimba kwa sauti ambayo kuku walikwisha kuizoea.

Ng'ambo ya kijito lilikuwa shamba lao la misindano, ile miti ambayo wengi huiita paini. Jailos aliipanda mwaka aliozaliwa Vaileti. Tangu hapo iliitwa miti ya Vaileti. Wakipalilia, walipalilia miti ya Vaileti. Moto ukizuka kiangazi, majirani wote walikimbia na matawi mabichi kuokoa miti ya Vaileti. Sasa miti ilikuwa mirefu na minene, na Vaileti alikuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri. Alitaka kusomea uuguzi chuoni Mbeya. Chuo kingefunguliwa mwezi wa kumi, na nyumba haikuwa na akiba nyingine. Ada yote ilikuwa imesimama pale ng'ambo ya kijito, imevaa majani ya kijani.

"Hodi hapa kwa watu tuliowapiga vitani!" sauti nene iliita kutoka njiani.

Jailos hakuinua hata kichwa. "Karibu, mtani. Babu yako alikimbia akaacha kiatu, na wewe umekuja kukitafuta?"

Aliyeingia ni Ezekia, mpasuaji mbao. Ezekia ni Mngoni kutoka Songea. Alikuja Igowole zamani kukata miti, akapenda baridi, akabaki. Popote alipokwenda alibeba begani msumeno wake wa mashine, ule wa mnyororo. Watu walisema hata kanisani angeingia nao, kama mchungaji asingemkataza.

Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu zao walipigana vita vikali, kisha wakachoka, na wajukuu wakabaki na vita vya maneno tu. Mtani anaweza kukutukana ukacheka. Anaweza kuingia msibani akakamata kofia ya mfiwa, na haiachii mpaka ikombolewe kwa kitu. Na huruhusiwi kukasirika. Ukimkasirikia mtani, umekosa adabu mbele ya watu wote. Ni desturi nzuri, imemaliza magomvi mengi. Lakini desturi nzuri nayo ina mahali pake, na hapo ndipo nyumba ya Jailos ilipojikwaa.

Ezekia alikaa, akajimiminia ulanzi, pombe ya mianzi, bila kukaribishwa. Ulanzi ule ulikuwa mtamu, umegemwa jana yake.

"Leo sikuja kuomba," alisema. "Leo nimekuja kuwatajirisha. Kuna kampuni mpya inaitwa Neema Mbao. Bosi wake nimekutana naye Mafinga. Suti, gari, kila kitu! Wanauza hisa. Na hawataki hela yenu. Mnawapa miti, wao wanawapa hisa."

"Hisa ndiyo nini hasa?" Jailos aliuliza.

"Ndiyo faida! Kila mwezi simu inaita: ngriii! Hela imeingia. Haipungui, haichelewi. Ukileta na jirani yako, unaongezewa. Lakini mwisho ni Jumamosi hii. Mimi nakuja na msumeno, nakata. Jioni gari linabeba, na wewe unatia saini."

Jailos aliacha kunoa panga. Faida kila mwezi! Vaileti angesoma, na paa la jikoni lingepata bati mpya.

Sifaeli alitoka jikoni, kisu mkononi. "Mtani," aliuliza, "hiyo kampuni ina kibali cha kuuza hizo hisa?"

Ezekia aliangua kicheko mpaka ulanzi ukamwagika kwenye buti. "Jamani, hawa Wahehe! Ukiwaletea ugali wanauliza cheti cha mpishi! Ndiyo maana tuliwapiga!"

Jailos alicheka. Vaileti, aliyekuwa ametua ndoo, alicheka. Hata Sifaeli mwenyewe alicheka, maana Ezekia alikuwa anachekesha kweli. Swali likafa pale pale, na hakuna aliyelizika.

"Basi Jumamosi," alisema Jailos, na akampa Ezekia mkono.

* * *

Kesho yake Sifaeli alikwenda dukani kwa Bi Nusrat kununua misumari. Bi Nusrat alizaliwa Iringa mjini, katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Ameuza bati, misumari na majembe Igowole kwa miaka mingi, na anasalimia Kihehe vizuri kuliko vijana wengi wa Kihehe.

"Kamwene, Mama Vaileti!"

"Kamwene, Bi Nusrat."

"Misumari ya nini? Mnajenga?"

"Tunategemea kujenga. Tunanunua hisa." Sifaeli alitamka neno lile kwa fahari kidogo, kisha akasimulia yote: miti, bosi wa suti, simu ya kila mwezi, na Jumamosi.

Bi Nusrat aliacha kupima misumari. Alivuta kigoda, akakaa, akamwonyesha Sifaeli kigoda kingine.

"Mama Vaileti, nikuulize jambo unalolijua kuliko mimi. Lori la mbao likitoka Igowole kwenda Makambako bila hati ya kusafirishia, linafika?"

"Haliwezi. Linashikwa kizuizini."

"Hata kama dereva ni mchekeshaji?"

Sifaeli alitabasamu. "Hata akicheza ngoma. Bila hati, mbao zinashushwa."

"Kwa nini serikali iliweka kizuizi?"

"Ili mbao za wizi zisipite. Mtu asije akakata shamba la mwenzake akauza."

"Basi hisa nazo zina kizuizi chake," alisema Bi Nusrat. "Kinaitwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kampuni ikitaka kuuza hisa kwa wananchi, inapeleka kwanza maelezo yake kwa Mamlaka: inafanya kazi gani, ina mali gani, ina madeni gani, na mwekezaji anaweza kupata hasara gani. Maelezo hayo yanaandikwa katika waraka wa matarajio. Mamlaka ikiupitisha, ndipo kampuni iuze. Na yule anayekuuzia lazima awe na leseni. Nayo leseni ina muda wake, ikiisha inahuishwa."

"Na Ezekia?"

"Ezekia ana leseni ya kuendesha pikipiki, na hiyo nayo sina hakika."

Walicheka wote wawili. Lakini Sifaeli aliacha kucheka mapema.

"Bi Nusrat, hisa zenyewe ni kitu kibaya?"

"Hata kidogo! Mimi ninazo. Hisa ni sehemu ya umiliki. Ukiwa na hisa za kampuni, wewe ni mmoja wa wenye kampuni. Ikipata faida na ikaamua kuigawa, unapewa fungu lako. Fungu hilo ndilo gawio. Isipopata faida, hupati. Na bei ya hisa inapanda na inashuka. Kwa hiyo mtu akikuambia faida ni ya kila mwezi na haishuki kamwe, hapo pana walakini. Viazi vyenyewe bei inashuka, sembuse hisa?"

Sifaeli alitazama misumari iliyobaki kwenye mizani. Aliona miti ya Vaileti imelala chini, na gari likiondoka nayo.

"Nitajuaje kwa hakika?"

"Kwa kuuliza. Mimi nilihudhuria semina ya Mamlaka pale Iringa, wakatupa namba ya simu. Tuwapigie sasa hivi."

Bi Nusrat alipiga, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Mwanamke mmoja alipokea, sauti yake ya upole. Alilisikiliza jina la kampuni, akaomba wasubiri kidogo.

"Mama, hiyo Neema Mbao haina leseni yetu," alisema. "Na hakuna waraka wowote wa matarajio tulioupitisha kwa jina hilo. Tafadhali msiwape kitu, iwe fedha, iwe miti, iwe ng'ombe. Mali ni mali. Na mkiweza, tuleteeni maelezo zaidi ili tuwafuatilie."

"Asante, mwanangu," alisema Sifaeli.

* * *

Jioni, moto ulipokolea, alimweleza mumewe. Jailos alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Mama Vaileti, nimempa mtu mkono. Na mtu mwenyewe ni mtani. Nimwambie nini? Kwamba ni mwizi? Igowole nzima itasema Jailos amemkasirikia mtani wake."

"Sisemi ni mwizi. Pengine naye amedanganywa."

"Basi ndiyo vibaya zaidi. Nitamwaibisha bure."

"Na miti?"

Jailos alichochea moto. Mwanamume yule hakuwa mjinga, wala hakuwa mbishi. Alikuwa mtu wa neno lake, na neno lake lilikuwa limemfunga miguu. Nakubali kwamba kuna heshima katika kutimiza ahadi. Lakini ahadi uliyotoa bila kujua ukweli haiwezi kukudai shamba zima.

Vaileti alikuwa akisuuza vyombo. Alifuta mikono, akasogea.

"Baba, ile miti ni ya nani?"

"Ni yako, mwanangu. Unajua."

"Basi mimi sijampa mtu mkono," alisema Vaileti.

Jailos alimtazama binti yake. Sifaeli naye alimtazama, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Alianza kutabasamu peke yake mbele ya moto.

"Baba Vaileti," alisema, "usivunje neno lako. Mwache aje. Wewe kazi yako ni kumpa ulanzi. Yaliyobaki niachie mimi."

* * *

Jumamosi ilifika na watu wake. Habari za hisa zilikuwa zimeenea, na majirani kadhaa wenye mashamba ya miti walikuja kuona. Kila mmoja alikuwa anangoja Jailos atangulie, ndipo naye afuate. Bi Nusrat alifunga duka, akaja na mwavuli wake.

Ezekia alifika akiimba. "Wahehe wangu! Leo mnakuwa matajiri, mtaacha kula kande!"

"Karibu, mtani," alisema Jailos. "Pata kwanza kikombe."

Ezekia alitua msumeno chini, akapokea kikombe kwa mikono miwili, maana ulanzi kwake ulikuwa kitu cha heshima. Kabla hajameza funda la kwanza, Sifaeli alikwisha kuunyakua msumeno. Aliuburuta mpaka kwenye baraza, akaufunika kwa kitenge, akakaa juu yake.

"Nimekamata!" alipaza sauti. "Mtani, nimekamata!"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko na vigelegele. Ezekia alicheka kuliko wote. Alijua sheria. Alipiga goti moja chini, akavua kofia.

"Nimeshikika, shemeji. Nitakomboa. Unataka kuku?"

"Sitaki kuku."

"Jogoo?"

"Huyo si kuku, mtani? Sitaki."

"Basi sema. Mngoni hashindwi."

"Nataka kibali cha Neema Mbao kuuza hisa. Nataka na leseni yako ya kuziuza. Ukileta, chukua msumeno ukate. Usipoleta, nitaketi hapa mpaka mvua za mwakani."

Watu walicheka tena. Ezekia alicheka pia, akaanza, "Jamani, hawa Wahehe, ukiwaletea ugali..."

Lakini safari hii Sifaeli hakucheka. Alimtazama tu, uso mtulivu, mikono mapajani. Kicheko cha watu kikapungua, kikaisha. Na swali lililokufa Jumanne likafufuka mbele ya mashahidi wote.

Ezekia alikohoa. Hakuweza kukasirika, kwa kuwa desturi ilimkataza. Hakuweza kuondoka, kwa kuwa msumeno ulikuwa umekaliwa. Akatoa simu.

"Hilo dogo," alisema. "Nampigia bosi. Sikilizeni wenyewe." Akaweka sauti ya juu.

"Ezekia! Umeshakata?" sauti ya bosi ilisikika.

"Bado, bosi. Wanataka kibali cha Mamlaka. Cha kuuza hisa."

"Kipo ofisini."

"Naomba unitumie picha."

"Mtandao mbovu."

"Basi nitajie namba ya leseni. Kuna mama hapa ataiuliza kwa simu."

"Wewe Ezekia! Unasikiliza maneno ya wanakijiji? Washa msumeno, ukate miti!"

"Siwezi, bosi. Msumeno umekamatwa na mtani."

"Mtani ndiyo nini?" bosi aliuliza.

Watu walitazamana. Mzee mmoja alinong'ona, "Huyu katoka wapi?" Bi Nusrat alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Bosi," alisema Ezekia taratibu, "niambie tu. Kibali kipo au hakipo?"

"Nitakupigia," alisema bosi, akakata.

Walingoja. Ulanzi ukazungushwa. Hakuna simu iliyoita. Ezekia akapiga mwenyewe. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana.

Aliirudisha simu mfukoni, akakaa chini kwenye nyasi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Shemeji," alisema, "mimi sikujua. Naapa. Aliniahidi kamisheni kwa kila shamba, nikaona neema. Hata mimi nilitaka kumpa miti yangu ya kule mtoni. Ningewakatia miti ya Vaileti kwa mikono yangu, halafu ningewatazamaje?" Machozi yalimlengalenga.

Jailos alikwenda akakaa karibu naye kwenye nyasi zilezile zenye umande. "Mtani, sote tulicheka," alisema. "Mke wangu aliuliza swali la maana, na sisi tukacheka. Kosa halikuwa lako peke yako." Kisha akamgeukia Sifaeli. "Asante, Mama Vaileti. Nilikuwa nalinda neno langu, na wewe ulikuwa unamlinda mtoto wetu."

Sifaeli alifurahi mpaka akashindwa kukaa. Alisimama, na hapo Ezekia akausogelea msumeno.

"Eee!" watu walipiga kelele. "Hajakomboa!"

Kweli, hakuwa amekomboa. Sifaeli akakaa tena upesi. Baada ya mashauri marefu, yenye matusi mengi ya kitani, fidia ikapatikana: wakati wa kuvuna utakapofika, Ezekia ataikata miti ya Vaileti bure, na atakata akiimba.

* * *

Siku hiyo watu hawakutawanyika mapema. Bi Nusrat aliulizwa maswali mpaka sauti ikamkauka.

"Sasa mtu akitaka kuwekeza kihalali, afanyeje?" aliuliza mama mmoja.

"Aende kwa dalali wa soko la hisa mwenye leseni. Asiangalie suti, aulize Mamlaka. Dalali atamfungulia akaunti ya hisa kwa jina lake mwenyewe. Siku hizi hata kwa simu ya mkononi unaweza kununua hisa za kampuni zilizo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Na ukiona hisa zinakuchanganya, ipo mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Watu wengi wanaweka fedha zao pamoja, wataalamu wanaziwekeza, na kila mtu anakuwa na vipande vyake. Mifuko hiyo nayo inasimamiwa na Mamlaka."

"Na hawa wa makundi ya simu? Kila siku naingizwa kundi, 'weka kidogo upate mara mbili'."

"Kabla hujaweka, uliza. Anayekukimbiza, anayekuahidi faida isiyoshuka, anayekulipa ulete wenzako, mwogope. Na mkitapeliwa msinyamaze kwa aibu. Semeni. Aibu yenu ndiyo maficho ya tapeli."

"Na Mamlaka ikishampa mtu leseni, basi hakuna hasara?" Jailos aliuliza.

"Hasara inaweza kuwapo. Hati ya kusafirishia haizuii lori kupata pancha, Baba Vaileti. Inakuhakikishia tu kwamba mzigo ni halali na mwenye gari anajulikana. Kwa hiyo usiweke ada ya mtoto kwenye hisa. Weka kile ambacho unaweza kukisubiri."

Jumatatu, Ezekia mwenyewe alikwenda ofisi ya kijiji akatoa maelezo yote, kisha akapiga simu kwa Mamlaka. Yule mwanamke wa sauti ya upole alimshukuru. Ezekia alitoka pale kifua mbele. Kwa wiki nzima alizunguka vijiji vya jirani akiwaonya watu, na kila alipofika alianza kwa kusema, "Mimi ni Mngoni niliyekamatwa na mwanamke wa Kihehe." Watu wakicheka, ndipo anaeleza.

* * *

Mvua ziliisha na njia zikakauka. Jailos alifuata utaratibu wa kuvuna, akapata kibali, akatafuta mnunuzi kwa bei nzuri. Ezekia alikuja kukata, na alikata akiimba nyimbo za Kingoni kutoka asubuhi hadi jua lilipochwea. Kila mti ulipoanguka, Sifaeli alipiga kigelegele. Vaileti alilia kidogo mti wa mwisho ulipolala, kisha akacheka kwa kuwa Ezekia naye alikuwa analia.

Kwanza walitenga ada ya chuo, wakaiweka benki. Wakanunua bati za jikoni kwa Bi Nusrat. Iliyobaki haikuwa nyingi. Sifaeli na Jailos wakasafiri mpaka Mbeya pamoja na Vaileti, siku ile aliyokwenda kuripoti chuoni. Wakaingia katika ofisi ya dalali waliyekwisha kumuulizia kwa Mamlaka. Hakuwa na suti. Alikuwa na sweta, na leseni yake ilitundikwa ukutani. Jailos aliisoma mara mbili, neno kwa neno, na dalali hakukasirika.

"Laiti wateja wote wangekuwa kama wewe, mzee," alisema.

"Nilifundishwa na mke wangu," Jailos alijibu, na Sifaeli akatazama dirishani kuficha furaha yake.

Wakanunua hisa chache na vipande vichache. Mwezi uliofuata bei ya hisa zao ikashuka kidogo, na Jailos akakimbilia dukani kwa Bi Nusrat akiwa na buti moja mguuni.

"Zimeshuka!"

"Zitashuka, zitapanda. Uliponunua nguruwe, ulimpima kila asubuhi?"

"Nilimpima," alikiri Jailos.

"Basi ndiyo maana alikonda. Nenda kavae buti la pili."

Baadaye bei ikapanda tena. Na siku moja simu ya Sifaeli ikapata ujumbe: gawio lao la kwanza limeingia. Lilikuwa dogo, lakini lilitosha kumnunulia Vaileti viatu vyeupe vya uuguzi. Vaileti aliporudi likizo alivivaa hata ndani ya nyumba, na mama yake hakumkemea, ingawa sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Likizo hiyohiyo walipanda miche mipya ng'ambo ya kijito. Majirani walikuja kusaidia. Kazi ilipoisha wakakaa uwanjani, na ulanzi mpya wa msimu ukaletwa. Ezekia alikuwapo, msumeno pembeni yake. Siku hizi aliuweka mbali kabisa na Sifaeli.

Mara akatokea kijana mmoja mgeni, shati jeupe, begi begani, tabasamu pana. "Habari zenu, wazee wangu! Nimewaletea neema. Kampuni yetu inauza hisa, faida ni ya uhakika, na nafasi zinakwisha leo!"

Kabla Jailos hajafungua mdomo, Ezekia alisimama.

"Una leseni ya Mamlaka?"

Kijana alicheka, akampiga Ezekia bega. "Aaa, mzee, mbona unatisha! Wewe ni Mhehe nini?"

Watu waliokaa karibu walitaka kucheka. Lakini Ezekia hakucheka, nao wakajizuia.

"Mimi ni Mngoni," alisema. "Wahehe hawa ni watani zangu, nao wakinitania nacheka. Wewe si mtani wangu. Kibali kiko wapi?"

Kijana alishika begi lake, akatazama huku na huku, akasema atakileta kesho. Aliondoka kwa haraka kuliko alivyokuja, akateleza kwenye utelezi wa njiani, akainuka, akaendelea.

Ndipo uwanja ukalipuka. Sifaeli alicheka mpaka akashika mbavu. Vaileti alipiga makofi, viatu vyake vyeupe vikiwa na udongo mwekundu wa shamba. Ezekia alirudi kukaa kwa maringo, kifua mbele, akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake.

Hakikuwapo. Jailos alikuwa amekikamata.